Kikao cha ukoo na figo ya kijana

Novemba 2017 madaktari wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, wakisaidiana na wenzao kutoka India, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Tanzania. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikishikwa mkono na madaktari wa Japani. Mwaka 2023 Rwanda ilianza katika Hospitali ya King Faisal, Kigali, na Desemba mwaka huohuo Uganda ikafanya upandikizaji wake wa kwanza Mulago. Kenya imekuwa ikiifanya kazi hii kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo ule utetezi wa zamani, kwamba huduma iko India na sisi tuko huku, umekwisha nguvu. Hata hivyo kijana wa miaka 19 anayepokelewa leo kliniki ya figo akiwa amevimba uso na shinikizo la damu 190 kwa 120 bado yuko mbali sana na chumba cha upasuaji, na wapasuaji si sababu kubwa ya umbali huo.

Katika nchi zetu zote hizi figo hutoka kwa mtu aliye hai, na karibu kila mara ni ndugu. Hakuna orodha ya taifa ambayo kompyuta inaipanga kwa tarehe, kundi la damu na umri, ikisubiri figo za waliofariki. Badala ya foleni tuna kikao. Baba wakubwa, mashangazi, wajomba na wazazi wanakaa sebuleni na kuulizana nani atoe, na jibu lao ndilo linaloamua kama faili la mgonjwa litasogea au litabaki pale lilipo. Mgonjwa kijana ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote katika kikao hicho, na mara nyingi hata hakaribishwi. Ukitaka kujua kwa nini vijana hawapati figo, chunguza kwanza nafasi yao katika ukoo, ndipo uhesabu vitanda.

Mchukue baba wa miaka 48 mwenye mshahara na bima. Akiugua, ndugu wanajua bila kuambiwa nini kitaporomoka: ada za watoto, kodi ya nyumba, hata michango ya misiba. Anao mke, kaka na dada, watoto wawili watatu waliovuka miaka 18, mabinamu aliowasomesha. Walio tayari kupimwa wanaweza kufika saba. Kijana wa miaka 19 hana mke wala mtoto, wala hajawahi kumsomesha mtu. Kwake hesabu inaanza na wazazi wawili na waliozaliwa naye. Wazazi wana miaka 45 hadi 55, umri ambao presha na kisukari vinagunduliwa, mara nyingi siku hiyohiyo walipokuja kupimwa kwa ajili ya mtoto. Wadogo zake hawajafika miaka 18, hivyo hawaruhusiwi kabisa. Anabaki kaka mkubwa mwenye familia yake, au dada aliyeolewa.

Hapo bado hatujagusa damu. Mgonjwa wa kundi O anapokea kwa mtu wa O peke yake. Wa A anapokea kwa A au O. Wa B kwa B au O. Wa AB kwa yeyote. Kipimo cha HLA, kinacholinganisha alama za tishu, hufuata baadaye, na hapa watu wengi wanakosea. Wanadhani lazima "figo zifanane". Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa, mbili kati ya nne ya kufanana nusu, na moja kati ya nne ya kutofanana kitu. Mzazi na mtoto hufanana nusu. Kufanana zaidi ni bora, lakini kwa dawa za sasa hata figo ya mume, ambaye hana udugu wa damu na mkewe, hufanya kazi vizuri. Kinachofunga mlango ni kundi la damu na kingamwili, yaani askari wa damu wanaoshambulia tishu ngeni.

Kingamwili zinastahili maelezo zaidi kwa sababu nyingi tunazitengeneza wenyewe. Kijana anafika hospitali ya wilaya na hemoglobini ya 5. Anaongezewa chupa mbili za damu, mwezi ujao mbili nyingine, kwa kuwa sindano za erithropoietini, homoni inayouchochea mwili kutengeneza damu, ni ghali au zimekwisha dirishani. Kila chupa inaweza kuufundisha mwili kuitambua na kuishambulia tishu ya mtu mwingine. Baada ya chupa nane au kumi, kipimo cha krosimachi, ambapo damu ya mgonjwa inachanganywa na chembe za anayetaka kutoa figo, kinaweza kutoka chanya kwa kaka, kwa dada na kwa mama. Wote ni wazima na wote wako tayari, ila mwili wa kijana umeshawakataa. Ndiyo maana madaktari wa figo wanasisitiza madini ya chuma kwanza, kisha erithropoietini, na damu pale tu inapobidi. Ikibidi, ichujwe chembe nyeupe, na isitoke kwa mzazi au ndugu anayetazamiwa kutoa figo. Kaka anayejitolea damu wodini akidhani anaokoa maisha anaweza kuwa anajiondoa mwenyewe kwenye orodha.

Ujauzito hufanya vilevile. Mwanamke wa miaka 24 aliyezaa mara mbili anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya alama za mumewe, kwa sababu amezibeba tumboni kupitia watoto. Mume aliyekubali kwa moyo wote anaambiwa hafai. Nyumbani, bila mtu wa kuwaeleza, taarifa hiyo inageuka haraka kuwa "damu zao hazipatani" na kuanza kutafutiwa maana nyingine.

Katika karibu kila nchi inayoweka takwimu hizi, wanawake ni wengi zaidi miongoni mwa wanaotoa figo wakiwa hai, na wanaume ni wengi zaidi miongoni mwa wanaopokea. Kwetu sababu haijifichi. Mama ndiye anayenyoosha mkono wa kwanza, na kikao kinampokea upesi kwa kuwa kazi yake haina hati ya mshahara, kana kwamba kazi isiyolipwa haipotezi kitu. Dada aliyeolewa akitaka kutoa, kwa mila inabidi mumewe akubali, na mara nyingi na wakwe pia. Kitabibu na kimaadili anayetakiwa kuridhia ni yeye mwenyewe, lakini dada akitoa bila baraka za nyumba aliyoolewa anaweza kurudi na kidonda na kukuta ndoa imeingia ufa. Binti mgonjwa yuko pabaya zaidi. Ndugu wanajiuliza, wakati mwingine kwa sauti, kama inafaa kumtolea figo mtu atakayehamia ukoo mwingine.

Hofu za uzazi zinazotajwa kwenye vikao si za kudharauliwa, kwa sababu baadhi zina ukweli ndani yake. Mwanaume hapotezi nguvu za kiume wala uwezo wa kuzalisha kwa kutoa figo. Upasuaji haugusi viungo hivyo. Mwanamke anaweza kushika mimba na kujifungua salama akiwa na figo moja. Lakini utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa waliotoa figo walipata presha ya ujauzito au hali inayotangulia kifafa cha mimba (preeclampsia) katika asilimia 11 ya mimba zao, ilhali wanawake wazima wa kulinganishwa nao walipata katika asilimia 5. Mshauri anayesema "hakuna madhara yoyote" anadanganya, na uongo huo ukija kubainika, wachangiaji wengine watatu wa ukoo uleule wanakimbia. Afadhali kusema wazi: figo iliyobaki hukua na kufikia takriban asilimia 70 ya uwezo wa zile mbili, mtoaji atapimwa presha, mkojo na kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) kila mwaka maisha yake yote, na binti wa miaka 20 ambaye hajazaa si wa kukimbiliwa ilhali shangazi wa miaka 44, mwenye presha ya kawaida na uzazi aliokwisha kuufunga, hajaulizwa.

Kwa upande wa dini kizuizi ni kidogo kuliko kinavyosemwa. Baraza la fiqhi la kimataifa la Jeddah liliruhusu mwaka 1988 kutoa kiungo ukiwa hai kwa masharti ya kutojidhuru na kutouza, na Papa Yohane Paulo II alikisifu kitendo hicho mwaka 2000 kuwa ni upendo. Sheikh au padri akialikwa kwenye kikao mara moja tu, suala hilo huisha kwa dakika kumi. Yanayobaki ni ya kifamilia, na hayo hakuna fatwa inayoyamaliza.

Mojawapo halitajwi hadharani. Kipimo cha HLA, na cha DNA pale kinapotakiwa ili kuthibitisha udugu, kinaweza kuonyesha kuwa baba aliyejitokeza hana nusu ya alama ambazo lazima mzazi awe nazo. Mtaalamu anaijua siri ambayo mama ameitunza miaka 19. Akiitoa ovyo, kijana anapoteza mtoaji, mlipaji na baba kwa siku moja. Wapo akina mama wanaotafuta kila kisingizio ili mume asipimwe, na wahudumu wanadhani ni ujinga au ukaidi. Njia ya heshima inajulikana: kabla ya damu kutolewa, kila anayepimwa aulizwe faraghani ni majibu gani anataka kuyajua na yapi hataki, asaini, na majibu yote yatolewe kwa neno moja, anafaa kitabibu au hafai, bila sababu kutangazwa mbele ya ndugu. Neno hilo moja linamlinda pia yule aliyebadili mawazo usiku wa kuamkia kikao na hathubutu kusema mbele ya wazee. Hospitali isiyo na utaratibu huu inapoteza wachangiaji bila hata kujua imewapoteza.

Sasa fedha. Serikali ya Tanzania ilikuwa ikitaja shilingi milioni 80 hadi 100 kwa mgonjwa mmoja anayepelekwa India; ndani ya nchi ni sehemu ndogo ya kiasi hicho. Kenya hesabu inaonekana vizuri zaidi kwa kuwa bei zimetangazwa. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii nchini humo, inalipa shilingi 10,650 za Kenya kwa kila awamu ya kusafisha damu kwa mashine. Mara mbili kwa wiki ni awamu 104 kwa mwaka, yaani shilingi 1,107,600. Mara tatu kwa wiki, kama kitabibu inavyotakiwa, ni 1,661,400. Kifurushi cha upandikizaji kilikuwa shilingi 500,000, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kukipandisha hadi 700,000. Mwaka mmoja wa mashine unaimeza fedha ya upandikizaji na chenji inabaki. Mwenye kuendesha mfuko wa bima kwa akili ya dukani tu angekuwa anawatafuta vijana wa kupandikizwa kwa tochi, maana ndio wenye miaka mingi ya mashine mbele yao.

Lakini bima inamtazama mgonjwa na kumsahau mtoaji. Kaka anayeendesha bodaboda, au mama mwenye ekari mbili za mahindi Sumbawanga, anahitajika hospitalini si chini ya mara tano kabla ya upasuaji. Safari ya kwanza ni kundi la damu, presha, sukari ya kufunga, mkojo na kreatinini. Ya pili ni virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, kifua kikuu, moyo, na ultrasaundi ya tumbo. Ya tatu ni HLA na krosimachi. Ya nne ni CT-scan ya mishipa ya figo, ili mpasuaji ajue kama figo ina mshipa mmoja au mitatu. Ya tano ni mwanasaikolojia na ofisa ustawi wa jamii, halafu kamati ya upandikizaji. Baada ya upasuaji analala siku nne hadi saba, na habebi mzigo, halimi wala haendeshi pikipiki kwa wiki sita hadi nane; akipasuliwa kwa mkato mkubwa inaweza kufika wiki kumi na mbili. Anayelala naye hospitalini anapoteza siku zake pia. Mama huyo akipangiwa upasuaji Novemba, msimu mzima umekwenda.

Ukoo hausemi "hatuna nauli". Unasema "tunajadiliana bado". Miezi inapita, na kwa kuwa kingamwili hubadilika na maambukizi yanaweza kuingia, sehemu ya vipimo hivyo inabidi irudiwe, krosimachi lazima kabisa, siku chache kabla ya upasuaji. Nimeona pia kosa la mpangilio ambalo halina sababu: familia inauza ng'ombe kulipia HLA na CT-scan ya mtu mmoja, kisha inagundulika ana presha ambayo mashine ya kupimia mkononi ingeionyesha bure siku ya kwanza. Vipimo vya bei nafuu vitangulie, kwa watu watatu au wanne kwa pamoja, na vya ghali vifanyiwe aliyebaki kidedea.

Wakati sisi tunashindwa kumrudishia mtoaji nauli yake, kuna wanaojua kumlipa. Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji figo katika hospitali moja binafsi mjini Eldoret, baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kueleza madai kwamba vijana wa kiume, wengi wao kutoka eneo la Oyugis, walikuwa wakiuza figo kwa wagonjwa wa kigeni kupitia madalali. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inakataza biashara hiyo. Kwa mada yetu funzo ni moja na ni chungu: kijana maskini huonekana na mfumo upesi zaidi akiwa muuzaji kuliko akiwa mgonjwa. Kuogopa kashfa kama hiyo kumezifanya hospitali na wizara zikwepe kabisa kumpa mtoaji hata senti. Huko ni kuchanganya mambo. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, ambalo ndilo dira ya dunia dhidi ya biashara ya viungo, linaruhusu kumrudishia mtoaji gharama halisi alizoingia, pamoja na kipato alichopoteza. Tiketi ya basi, risiti ya nyumba ya wageni na kima cha chini cha mshahara kwa wiki nane havimnunui mtu figo. Vinamwondolea tu adhabu ya kuwa mwema.

Tuseme sasa mtoaji yupo na fedha zipo. Kamati inakaa, na swali la mwisho juu ya mgonjwa kijana ni kama "ataitunza". Swali ni halali. Data za Marekani zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba umri wa miaka 17 hadi 24 ndio wenye hatari kubwa ya kupoteza figo iliyopandikizwa, na sababu mojawapo kubwa ni kuruka dawa. Takrolimasi humezwa kila baada ya saa 12, pamoja na maikofenoleti na prednisoloni, zote za kuuzuia mwili usiikatae figo, maisha yote ya figo hiyo. Prednisoloni huvimbisha mashavu na kuleta chunusi, na binti wa miaka 18 anayechekwa bwenini anajua dawa ipi aitupe. Maikofenoleti huharibu mimba changa, hivyo lazima ibadilishwe angalau wiki sita kabla ya kutafuta ujauzito. Lakini nani wa kuzungumza uzazi wa mpango na binti ambaye mama yake ameketi pembeni, kliniki zote, mwaka mzima? Kijana wa bweni hanywi lita mbili na nusu za maji kwa siku kwa sababu choo kiko mbali na hakina mlango. Akikohoa ananunua erithromaisini duka la dawa la mtaani, na takrolimasi inapanda hadi kuwa sumu. Akipata kifua kikuu akapewa rifampisini, inashuka hadi kutokuwepo, na figo inakataliwa kimyakimya bila maumivu yoyote. Hata juisi ya balungi inayovuruga dawa hiyo haimo kwenye karatasi anayopewa siku ya kutoka wodini.

Yote hayo yanaweza kufundishwa. Tatizo ni jinsi "nidhamu" inavyopimwa kabla. Faili linaonyesha amekosa awamu 11 za kusafisha damu katika miezi mitatu, na mtu anaandika kwamba hafuati matibabu. Nenda ukaangalie tarehe hizo. Ni mwisho wa mwezi, au wiki ambayo shangazi aliyempangisha chumba Dar es Salaam alisafiri, au siku za mtihani wa kidato cha sita. Umaskini umeandikwa kwenye faili kwa jina la utovu wa nidhamu, halafu ukoo nao unapata maneno ya kusema: "Figo yangu ataichezea." Kipimo cha haki ni kumlipia nauli kwa miezi miwili kisha kuhesabu upya alivyohudhuria. Ni jaribio rahisi, na kwa bei ya nauli za daladala linaweza kubatilisha hukumu ya kamati.

Kitu kingine kinachomkwamisha kijana ni tarehe ya kuzaliwa. Siku anapovuka umri wa kuwa tegemezi kwenye bima ya mzazi, au anapomaliza chuo, kadi inafungwa, na ajira rasmi hana. Marekani walilijua kosa hili kwa njia ya gharama: kwa miaka mingi bima yao ya Medicare iliwakatia wagonjwa wasio wazee wala walemavu dawa za kulinda figo baada ya miezi 36, figo zikafa, watu wakarudi kwenye mashine ambayo bima hiyohiyo iliilipia kwa bei kubwa zaidi. Ukomo huo uliondolewa kuanzia Januari 2023. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kanuni na vitita vyake vinaweza kuliandika jambo hili kwa sentensi moja: aliyepandikizwa figo hafutwi kwa sababu ya umri wala kukosa ajira. Ukoo ukiiona sentensi hiyo, hofu nusu inaondoka, kwa sababu swali gumu kuliko yote linaloulizwa kikaoni ni hili: "Dawa mwaka wa pili atanunua nani?"

Magonjwa yenyewe ya vijana yana masharti yake ambayo kikao hakiyajui. Mvulana aliyezaliwa na vikwazo kwenye njia ya mkojo lazima kibofu kichunguzwe na kutengenezwa kwanza, la sivyo figo mpya itaharibiwa na mkojo uleule uliorudi nyuma ukaua ya kwanza. Kijana ambaye ugonjwa wake ulianza na uvimbe na kuvuja protini kwenye mkojo, na haukusikia prednisoloni, anaweza kuwa na aina ya ugonjwa ambayo hurudi kwenye figo mpya kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu. Mama ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kulala kitandani. Na pale wazazi walipo mabinamu, kama ilivyo kawaida katika baadhi ya familia za pwani, ugonjwa unaweza kuwa wa kurithi, na kaka anayeonekana mzima huenda anaubeba. Mkojo wake utazamwe kwa makini kabla hajasifiwa ushujaa.

Haya yote yangekuwa mepesi kama kikao kisingeitwa kwa hofu. Kijana wa kawaida hugundulika siku ile ambayo anawekewa mpira wa shingoni usiku na kuingizwa kwenye mashine. Kabla ya hapo amepita zahanati tatu, akatibiwa malaria na taifodi, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akameza diklofenaki ya mgongo, na nyumbani akafanyiwa dua ya kuondoa husuda. Dalili zilikuwepo: uso unaovimba asubuhi na kupungua jioni, mkojo wenye povu lisilokatika, kuamka mara tatu usiku kukojoa, presha katika umri ambao hakuna anayempima. Kijiti cha kupima protini kwenye mkojo kinasomwa kwa dakika moja, na kila zahanati inayohudumia wajawazito inatakiwa kuwa nacho. Kijana wa kiume hana kliniki ya wajawazito, kwa hiyo kijiti hakimfikii.

Akigundulika mapema, akiwa na uwezo wa figo wa asilimia 20 hivi, kuna nafasi ya mwaka mmoja au zaidi, na hapo ndipo kikao kinapaswa kuitwa na kliniki yenyewe, si na msiba unaonyemelea. Muuguzi wa figo na ofisa ustawi wa jamii wawepo. Waje baba na mama, na waje pia mjomba na baba mkubwa, maana uamuzi uliofikiwa bila wao utavunjwa Jumapili ijayo. Mgonjwa aketi ndani, na aulizwe yeye mwenyewe kama anaitaka figo, na kutoka kwa nani asingependa kuipokea. Wapo vijana wanaoikataa ya mama kwa hofu ya kubeba deni wasiloweza kulilipa, na ni heri lisemwe siku hiyo kuliko usiku wa kuamkia upasuaji. Wote walio tayari wapimwe presha, mkojo na kundi la damu palepale kabla ya chai. Chanjo ya homa ya ini B ianzishwe kwa mgonjwa, kwa kuwa mwili wake bado unaitikia vizuri kuliko utakavyoitikia akishaanza mashine. Damu asiongezewe bila daktari wa figo kuulizwa. Na tarehe ya upasuaji ipangwe kwa kalenda ya mtoaji: kama analima, iwe baada ya mavuno.